Shajara ya mradi wa "katoni": risiti za MB 800 zimejazaje flashi ya GB 64?

Jumatatu usiku

Nimerudi Kimara saa tatu hivi, mvua, foleni, kichwa kinagonga. Asubuhi mama mwenye duka la jumla pale Mtaa wa Aggrey alinipigia, "fundi mwanangu, flashi imejaa na bakapu haijaisha, si uliniambia risiti zote hazifiki hata GB moja?" Na kweli nilimwambia hivo, nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa kawaida nikikosea kitu mi ndo huwa wa kwanza kulaumu flashi, Kariakoo tunajua flashi zilivyo, unanunua 128 ndani ipo 8. Ila hii nilishaipima wakati wa kununua, ni 64 halali.

Hali yenyewe iko hivi. Programu yake ya mauzo inatunza kila risiti kama faili lake peke yake, XML, wastani wa KB 2. Folda moja kwa kila siku, miaka mitatu, jumla faili laki nne na elfu kumi. Ukizidisha unapata kama MB 800. Flashi ikifunguliwa kwenye Windows inasoma GB 58, ndani dogo wa kaunta ameshaweka muvi zake GB 10 (nimemuangalia tu, hakusema kitu). Kwa hiyo zimebaki GB 48 za kuweka kitu cha MB 800. Kukopi kumegoma zikiwa zimebaki faili kama elfu kumi na nane.

Nimebonyeza properties ya ile folda kwenye flashi. Size, MB mia saba na kitu. Size on disk, GB 48. Nikakaa kwenye kiti.

Jumanne

Nilijua jibu lipo kwenye ukubwa wa bloki (kile kipande kidogo kabisa cha nafasi ambacho diski inalipa faili), hilo halikunisumbua sana, kilichonisumbua ni kwamba nilipoamua kuliuliza laptopu yangu ya Ubuntu "hii flashi bloki yake ni ngapi" nimepata majibu matatu tofauti kwa flashi hiyo hiyo moja, ndani ya dakika tano. Nayaandika hapa maana najua nitasahau.

La kwanza:

sudo blockdev --getbsz /dev/sdb1

Jibu 512. Nikasema aa hapana, kwa 512 isingejaa.

La pili:

stat -f /media/flashi

Jibu block size 131072. Hiyo ni KB 128. Hapo sasa!

La tatu, stat ya kawaida kwenye risiti moja, bila ile -f. Inatoa mstari wenye Blocks: 256. Kwa haraka haraka unaweza kudhani faili limekula bloki 256, kumbe hizo "Blocks" za stat zinahesabiwa kwa vipande vya baiti 512 hata kama mfumo wa faili unatumia ukubwa mwingine kabisa. 256 mara 512 ni 131072. Kwa hiyo risiti ya KB 2 imekalia KB 128 nzima.

Hesabu imekaa sawa. Laki nne na elfu kumi mara 131072 ni kama GB 50 kwa kipimo cha Windows, na nafasi ilikuwa 48. Ndo maana ikafia mwishoni mwishoni, ikakaribia kufika ikakosa pumzi. Flashi imefomatiwa exFAT (ndo mfumo wake wa kupanga faili), na Windows ukiiachia default kwa exFAT inatoa klasta, yaani bloki kwa jina la Windows, ya KB 4 mpaka MB 256, KB 32 mpaka GB 32, zaidi ya hapo KB 128. Flashi ya GB 64 lazima iangukie kwenye 128. Yaani mama angenunua flashi NDOGO ya GB 32 klasta ingekuwa KB 32 na risiti zote zingekula GB 12 na nusu hivi, zingeenea. Kubwa imejaa, ndogo ingetosha. Nani angeamini hiyo.

Kwa diski ya laptopu yangu yenyewe (ext4, mfumo wa faili wa Linux) hakuna drama:

sudo tune2fs -l /dev/sda2 | grep "Block size"

4096. stat -f nayo 4096, blockdev nayo 4096, wote wanakubaliana na ndo maana miaka yote hii sijawahi kujua kwamba wanajibu maswali tofauti. Nina kipande kidogo cha /boot cha MB 300 nilichotengeneza zamani, hicho kimesema 1024, maana mke2fs (programu inayofomati ext4) ya wakati huo ikikuta kipande chini ya MB 512 ilikuwa inachukua bloki ya 1024 yenyewe bila kukuuliza.

Sasa nimeamua. Natengeneza kiskripti cha Python, unakipa folda na unakipa diski unayotaka kupelekea, kinakwambia KABLA hujakopi kwamba itakula kiasi gani kule. Ndani yake hesabu ni mstari mmoja tu, kwa kila faili:

-(-saizi // bloki) * bloki

Yaani gawanya, panda juu mpaka namba nzima, zidisha tena. Ugumu wote uko kwenye kuipata hiyo "bloki" kwa kila mashine, ya mama ni Windows, ya mshkaji wangu ni Mac, na kuna seva moja naihudumia. Nimekiita katoni.

Jumatano

Mvua tangu alfajiri, Jangwani maji yamepita juu ya barabara, mwendokasi hauvuki. Sijaenda mjini. Umeme nao umekatika saa nane mchana umerudi saa tatu usiku. Sijaandika hata mstari.

Alhamisi

Dukani. Shikamoo mama, marahaba, flashi yangu vipi. Nikamueleza hivi: mama wewe hapa humuuzii mtu sabuni moja, anachukua katoni, hata kama shida yake ni kipande kimoja. Flashi nayo ni duka la jumla. Kila risiti ikija inapewa katoni nzima ya KB 128, inatumia KB 2, zile 126 zinakaa bure na hakuna risiti nyingine inaruhusiwa kuingia mle. Akanielewa pale pale, akaniuliza "sasa si uombe katoni ndogo?" Hilo ndo suluhisho lenyewe, mi limenichukua siku mbili.

Kompyuta ya kaunta ni Windows 10. Hapa komandi ni nyingi na kila moja ina tabia zake.

fsutil fsinfo ntfsinfo C:

Inataka uifungue kama administrator, vinginevyo inakufukuza. Inatoa mistari mingi, wa kwetu ni Bytes Per Cluster, 4096. Juu yake kuna Bytes Per Sector 512 na Bytes Per Physical Sector 4096, hizo ni habari za chuma chenyewe sio za mfumo wa faili, diski inafanya kazi kwa 4096 ndani ila inajifanya 512 kwa ajili ya programu za zamani. Usizichanganye, mi nilizichanganya.

Alafu hiyo komandi ni ya NTFS (mfumo wa faili wa C: ya Windows) kama jina lake linavosema, ukiielekezea flashi ya exFAT haikusaidii. Kwa flashi nimetumia PowerShell:

Get-Volume -DriveLetter E | Format-List

Ukiandika Get-Volume peke yake unapata jedwali zuri ambalo halina kitu unachokitafuta, lazima uweke Format-List ndo AllocationUnitSize ijitokeze. 131072, sawa na Ubuntu. Nyingine inayofanya kazi vizuri ni hii, inakupa diski zote kwa mpigo:

Get-CimInstance Win32_Volume | select DriveLetter, BlockSize

Kwa wale wenye Windows 7 bado (na Kariakoo wapo wengi tu) kuna wmic volume get driveletter,blocksize, jibu ni lile lile, ila usiizoee maana Windows 11 za karibuni haziji nayo ikiwa tayari.

Kwenye skripti sasa. Python kwenye Linux inayo os.statvfs ya kuuliza habari za mfumo wa faili, kwenye Windows haipo kabisa, inakwambia os haina kitu hicho. Kwa hiyo nimeenda kuita GetDiskFreeSpaceW ya Windows yenyewe kupitia ctypes (daraja la Python la kufika huko), inarudisha namba nne: sekta ngapi kwenye klasta, baiti ngapi kwenye sekta, klasta zilizo wazi, klasta zote. Mbili za kwanza unazidisha. C: ni 8 mara 512, E: ni 256 mara 512. Nimepoteza kama saa nzima na kitu kwa sababu nilikuwa naandika "E:" wakati yenyewe inataka "E:\" na ule mkia wake. Saa nzima, kwa mkia. Mama ntilie wa jirani alikuwa ameshafunga nilipotoka, nikala mihogo.

Kabla sijaondoka nikafungua Git Bash (terminali yenye komandi za Linux ndani ya Windows) iliyoko pale nikapiga stat kwenye faili moja kwa udadisi tu. IO Block: 65536. Namba ya nne hiyo, haifanani na chochote nilichokiona! Nikaanza kuhema, alafu nikaelewa, hiyo ni ushauri. Mfumo unakwambia ukisoma faili soma kwa vipande vya ukubwa huu itakuwa haraka. Haihusiani na nafasi inayoliwa.

Ijumaa

Kijitonyama kwa mshkaji mwenye MacBook. Nimejiamini, nikafungua terminali nikaandika stat -f / kama nilivozoea. Ikajibu:

/

Basi. Mkwaju mmoja. Nikaandika tena, ikajibu tena mkwaju. Jamaa anacheka. Kumbe stat ya Mac ni ya ukoo wa BSD, kwake -f maana yake "nipe muundo wa kuandika jibu", sio "nipe habari za mfumo wa faili". Kwa hiyo mimi nilimwambia andika alama ya mkwaju na yeye kaandika mkwaju, mtiifu kabisa. Komandi jina moja, herufi moja, maana mbili. Ukikopi skripti ya Linux ukaipeleka Mac bila kuangalia haitalalamika hata, itakupa takataka kwa adabu.

Kwa Mac njia ya uhakika ni:

diskutil info / | grep "Block Size"

Inatoa mistari miwili, Device Block Size na Allocation Block Size, na kwa hilo nawapongeza, wamezitenganisha kwa majina. Zote mbili hapa zimesema 4096. Ukipenda stat basi ni stat -f %k / ila hiyo ni ile namba ya ushauri tena.

Kisha katoni. Mac inayo os.statvfs, kwa hiyo nikategemea kodi ile ile ya Linux ipite. Nikaiendesha kwenye folda ya risiti za majaribio elfu moja. Ikaniambia zitahitaji karibu GB moja. Risiti elfu moja za KB 2!

Tatizo ni mimi. Statvfs inarudisha namba kadhaa, nilitumia f_bsize. Kwenye ext4 ya nyumbani f_bsize na f_frsize ni namba moja kwa hiyo hujui umechukua ipi. Kwenye Mac f_bsize ni 1048576, MB moja nzima, ule ushauri wa kusoma na kuandika. f_frsize ndo 4096, na ndo ambayo hata jumla ya bloki za diski (f_blocks) inahesabiwa nayo. Nikabadilisha herufi mbili tatu, ikasema MB 4. Safi.

Kwa hiyo mpaka sasa "ukubwa wa bloki" ni watu wanne wanaotumia jina moja. Kuna sekta ya chuma, kuna bloki ya kugawia nafasi ambayo ndo katoni yenyewe, kuna kipimo cha ushauri, na kuna zile 512 za kuhesabia tu. Mtu akikuuliza bloki ni ngapi muulize kwanza anataka kufanya nini nayo.

Jumamosi

Nimekaa nyumbani nikataka kuwa na njia moja ya kuhakikisha bila kumuamini mtu, yaani unaandika faili la baiti moja kwenye diski, unauliza limekula kiasi gani, hicho ndo kipimo. Rahisi. Kwenye ext4 limekula 4096, kwenye flashi 131072. Nikajiona fundi kweli kweli.

Jioni nikamtumia dogo wa kaunta afanye kwenye C: ya dukani. Akanirudishia picha: Size 1 byte, Size on disk 0 bytes. Sifuri! NTFS ina jedwali lake kuu ambalo kila faili lina rekodi ya KB 1 mle, na faili likiwa dogo sana, chini ya baiti kama 700, linaingizwa ndani ya rekodi yenyewe, halipewi klasta hata moja. Ni kama kumuwekea mteja pipi mfukoni badala ya katoni. Nikamwambia aandike la baiti 2000, likaja 4096. Kwa hiyo kipimo cha katoni sasa kinaandika baiti 2000 badala ya moja, na bado nakichukulia kama cha kuthibitishia, sio cha kutegemea.

Simu pia nimejaribu, Termux (terminali ya Android), stat -f kwenye folda ya nyumbani ya Termux, 4096. Hakuna hadithi hapo.

Jumapili

Nilitaka kupumzika. Nikasema ngoja nijaribu kwenye ile seva tu nimalize, Ubuntu ile, diski zake ni ZFS, mfumo mwingine wa faili. Nikakopi risiti zote mle, katoni ikaniambia GB 50. du -sh, inayojumlisha nafasi iliyoliwa kweli, ikaniambia hata GB 3 haifiki.

Hii ndo imenikera kuliko zote kwa sababu safari hii nilikuwa nimetumia namba sahihi. f_frsize imesema 131072. f_bsize nayo 131072. Ila kwenye ZFS hiyo KB 128 ni recordsize, ambayo ni UPEO WA JUU wa bloki, sio wa chini. Faili kubwa linakatwa vipande vya mpaka KB 128, faili dogo linapewa bloki dogo linaloendana nalo. Kwenye exFAT namba hiyo hiyo 131072 maana yake "hupati chini ya hapa", kwenye ZFS maana yake "hupati zaidi ya hapa". Namba moja, kinyume kabisa. Na ZFS kwenye Linux inatoa ya juu kwenye sehemu zote mbili kwa makusudi, kwa sababu programu nyingi za Linux zinazichanganya hizo mbili kama mimi nilivozichanganya Ijumaa.

Cha chini kwenye ZFS kinatokana na ashift, namba inayowekwa diski zinapoundwa. zdb -C imeonyesha 12, yaani 2 kwa kipeo cha 12, 4096. Nimeweka kipengele cha kusoma /proc/mounts, ikikuta zfs isiamini statvfs, itumie 4096 na iandike onyo kwamba hapa ni makadirio, maana kuna na ukandamizaji mle ndani unaovuruga hesabu. Sio suluhisho zuri. Inatosha kwa sasa.

Jumatatu

Dukani saa mbili asubuhi kabla wateja hawajawa wengi. Nimeiendesha katoni mbele ya mama, folda ya risiti kwenda E:, ikaandika inahitajika GB 50, ipo 48, haitoshi. Kabla ya kukopi hata faili moja. Mama akasema "ingenipigia yenyewe Jumatatu ile ningelala".

Muvi za dogo nikazihamishia C: kwanza, alafu:

format E: /FS:exFAT /A:4096

(Nikiwa Ubuntu ningetumia mkfs.exfat -c 4K, ni kitu kile kile.) Baada ya hapo katoni ikasema risiti zote zitakula GB 1.56, nikakopi, Windows ikaonyesha GB 1.56. Kukopi kwenyewe kulichukua muda mrefu kupita kiasi, faili laki nne ni laki nne tu, katoni ndogo hazikufanyi uwe na faili chache. Tulikunywa chai, tukala vitumbua, bado.

Kwa hiyo nimeongeza njia ya pili. Windows 10 ina tar (inayofunga faili nyingi kuwa furushi moja) ndani yake tangu 2018, nikafunga mwaka mmoja mmoja kwa tar -czf, miaka yote mitatu ikashuka mpaka MB 70 na ushee na kuhamisha ni sekunde. Nilijaribu zip kwanza ikatoka kubwa mara kadhaa, kwa sababu zip inakandamiza kila faili kivyake, na risiti zinafanana vichwa na miguu, faida yote iko kwenye kuzikandamiza zikiwa pamoja. Ila tar peke yake mama hataki, mteja akija kubishana risiti ya Februari anataka aifungue palepale, sio aanze kufungua furushi. Basi flashi ina vyote viwili, folda za kawaida na yale mafurushi matatu pembeni.

Yaliyobaki: katoni haijui diski za mtandao, ukiipa folda ya seva ya jirani kwenye Windows inaleta namba ambayo siiamini bado. Na haihesabu folda zenyewe, kwenye exFAT kila folda nayo inachukua klasta, folda elfu moja na mia kwa KB 128 ilikuwa MB 137 nilizozisahau wiki nzima. Hiyo naiweka kesho.

Dogo anauliza muvi zake zinarudi lini kwenye flashi. Nimemwambia muulize mama.